Mabango Thelathini na Nane ya Mwalimu Felista

Sikudhani Mbena halali. Anapumzisha macho tu, ndivyo anavyojiambia, na sisi tunaoujua usingizi wa mchana baada ya sahani ya makande tunajua maana ya maneno hayo. Yuko stoo ya Jumba la Sanaa la Bigwa, mjini Morogoro, saa nane na nusu, ameketi sakafuni katikati ya mabango, na feni juu yake inazunguka kivivu. Mabango ni thelathini na nane. Yote kayachonga mtu mmoja, marehemu Mwalimu Felista Kobelo, moja kila mwaka, kutangaza kumbukumbu ya siku jumba lilipofunguliwa. Alikuwa akichukua kipande cha lino, lile zulia gumu la kutandika sakafuni, akichora juu yake kinyumenyume, akichonga, akipaka wino kwa rola, kisha akilaza karatasi juu na kuisugua kwa mgongo wa kijiko mpaka picha itoke imegeuka upande wa sawa. Amefariki miaka miwili sasa, na miaka yote hiyo miwili jumba halikutoa bango, kwa heshima ya msiba. Mwaka huu jumba linatimiza miaka arobaini, na kazi kapewa Sikudhani, mwanafunzi wake wa mwisho, aliyemsugulia karatasi miaka kumi na mmoja.

Wiki tatu nzima anafanya utafiti. Neno hilo analipenda, utafiti, kwa sababu linamruhusu asichonge. Kajaza daftari mbili. Kila wazo likimjia anafungua mabango, na kila akifungua anakuta Mwalimu alishalifanya, tena vizuri zaidi, basi anafuta, anashangaa, anasifu, siku inapita. Lino yake iko pajani, safi, haina hata mkwaruzo. Kesho saa tatu asubuhi iwe kwa mpiga chapa. Isipofika, kamati ya jumba itachukua bango lililotumwa na kijana mmoja wa kompyuta kutoka Dar es Salaam, lenye brashi na maputo, na Mzee Anselmo Mkude, mkurugenzi wa jumba, kamwambia kwa upole kwamba kamati ikishaonja urahisi huo haitarudi tena kwenye kazi ya mkono. Hilo ndilo linalomkosesha Sikudhani raha: kwamba kitu alichokipenda kuliko vyote kitafia mikononi mwake, na yeye ndiye atakayekuwa amekifisha kwa kukipenda mno.

Analiinamia bango la mwaka wa kumi na tisa, analolipenda kupita yote, akina mama wa Uluguru wanaoteremka mlimani na vikapu vya karoti, hawana nyuso, kwa maana hakuna mtu mwenye uso katika mabango yote thelathini na nane, na hilo ndilo lililompa Mwalimu jina kubwa. Wageni walilipiga picha, magazeti yaliliandika, na Sikudhani mwenyewe alipokuwa chuoni aliandika kurasa arobaini kueleza kwamba Mwalimu anaacha uso mtupu ili kila atazamaye auone wake. Anaweka kiganja kwenye njia ya mlimani ili ausikie wino. Wino ni wa baridi. Kiganja kinazama, kisha kiwiko, kisha bega, na hata hashtuki, anavuta tu mguu wa pili ili usibaki stoo, na sasa anasimama njiani, na njia ni ndefu, inapanda na kuteremka na kupanda tena mahali ilipokuwa imeteremka, na kingo zake zina alama fupifupi za kisu, alama anazozijua, kila moja imeachwa na mkono aliouona ukifanya kazi. Uzuri ulioje. Milima ni ya zambarau na mbingu ni rangi ya karatasi. Anatembea akishika huku na kule kama mtu aliyeingia duka la vitenge bila mtu wa kumharakisha, na mbele yake unatokea mji ambao maduka yake yote yameandikwa kinyumenyume, mkono wa kulia uko kushoto, saa ya kituo cha mabasi inarudi nyuma, na Sikudhani anasoma kila kibao bila shida, maana miaka kumi na mmoja ya kazi hii imemfundisha kusoma hivyo. Mmoja wa akina mama wa karoti anamngojea penye kona. Mahali pa uso wake pana weupe tu, safi, laini. Sikudhani anamwamkia, na mama anaitikia kwa sauti ya mtu anayetabasamu, anamwambia twende dada, njia ni moja, ila inadai ushuru. Ushuru gani, anauliza. Kitendawili, anasema mama. Tega, anajibu Sikudhani, kwa sababu mdomo umeshazoea tangu utotoni. Mama anatega: nimepotea kabla sijazaliwa, na miaka yote watu wananisifu.

Rahisi, anajiambia, huyu anaongea na mtu wa chuo. Anajibu: sanaa. Mama anatikisa kichwa, karoti zinacheza kikapuni. Anajibu: roho ya msanii. Mama anacheka sasa, anacheka mpaka anashika kiuno, anasema shule imekuharibu, nipe mji. Na Sikudhani, unajua tena kanuni ya vitendawili, ukishindwa unatoa mji, anasema kwa mzaha, haya, nakupa huu, na hapohapo mji unakunjwa kutoka pembeni, maduka, kituo, saa yake na milima ya zambarau, unakuwa bomba la karatasi, mama analitia kwapani na kuondoka zake. Mahali pa mji ni peupe. Bango la mwaka wa kumi na tisa limekwenda. Sikudhani anaita, mama, ngoja, sikujua, lakini njia imeshajinyoosha mbele yake na inaelekea mji mwingine.

Ni mji wa mwaka wa ishirini na sita, wa wapiga ngoma, wa kijani kibichi, na penye lango yupo mpiga ngoma asiye na uso, mpole sana, anasema ushuru. Kitendawili ni kilekile. Sikudhani anafikiri safari hii, anaumiza kichwa kwelikweli, anazunguka ngoma mara tatu huku akistaajabia jinsi ngozi ilivyochongwa kwa mistari isiyozidi tisa, ni nani mwingine angeweza, tisa tu, na unaisikia ikilia, na katika kustaajabia anasahau alichokuwa anafikiri. Anajibu: ukimya. Nipe mji. Unakunjwa mji wa kijani. Anatoa mji wa mwaka wa mafuriko, ambao watu wake wanavuka soko wameshika viatu mkononi. Anatoa mji wa wakata miwa. Anatoa mji wa mafundi baiskeli, ambao vijiti vya gurudumu lake moja aliwahi kuvihesabu akakuta vimezidi, akamheshimu Mwalimu zaidi kwa hilo. Kila penye lango anasimama mwingine asiye na uso, kila mmoja anauliza kwa adabu ileile, na kila mara Sikudhani anatoa sifa badala ya jibu, na sifa hailipi ushuru. Analia sasa. Anatembea akilia na akisifu, na nyuma yake kote ni kweupe. Fundi baiskeli, wa mwisho kuondoka na bomba lake kwapani, anamwonea huruma, anageuza weupe wa uso wake upande wa Sikudhani na kumwambia: dada, mbona unatutazama wote mikono?

Unabaki mji mmoja. Ni mdogo, kwa kweli si mji, ni chumba kimoja na mtaa mbele yake, ni bango la mwaka wa kwanza, jeusi tupu, maana mwaka huo jumba halikuwa na wino wa rangi. Kijana amekaa kwenye stuli, mgongo wima, mikono magotini, hana uso. Na mbele yake, kwenye meza ya kuchongea, ameinama mwanamke wa miaka thelathini na kitu mwenye kitambaa kichwani, na huyu ana uso, ndio uso wa kwanza Sikudhani kuuona katika nchi hii nzima. Moyo unamlipuka. Shikamoo Mwalimu, anasema. Marahaba mwanangu, anasema Mwalimu Felista bila kuinua macho, umechelewa, mji umebaki huu tu. Sikudhani anapiga magoti, anaanza kueleza, kamati, kesho saa tatu, maputo, anaomba wazo, wazo moja tu, hata dogo. Mwalimu anamsogezea lino aliyokuwa akiichonga. Kijana yumo, stuli imo, shati na vifungo vyake vimo, na mahali pa uso pana shimo pana, limekatwa kwa pigo moja kutoka sikio hadi kidevu.

Kisu kiliteleza, anasema Mwalimu.

Sikudhani haelewi. Anasubiri maneno mengine, yale makubwa. Kisu kiliteleza, anarudia Mwalimu, ilikuwa jioni ya kuamkia ufunguzi, uso ulikuwa umekwisha, umebaki mstari mmoja wa shavu, nikapiga chafya. Lino nyingine hatukuwa nayo. Nikakwangua kilichobaki kikawa cheupe, nikachapa hivyohivyo, nikalala nalia. Asubuhi akaja bwana mmoja wa gazeti, akasimama mbele yake kitambo kirefu, akasema mama, huu uso mtupu ni jambo kubwa. Nami nikanyamaza. Ungekuwa wewe ungesema nini?

Na mwaka wa pili, anauliza Sikudhani.

Mwaka wa pili nilishika kisu nichonge uso, nikaogopa, nikaacha. Wa tatu vilevile. Baadaye mlishaandika sana, wewe umeandika kurasa arobaini, nilizisoma zote, niliona aibu kukuvunjia.

Sikudhani anahisi hasira ikimpanda, hasira hasa, ya mtu aliyesali miaka mingi mbele ya ukuta akaambiwa nyuma yake palikuwa na jiko. Kisha, hajui kwa nini, anacheka. Chafya! Anacheka mpaka Mwalimu naye anacheka, wanashikana mabega kama walivyokuwa wakifanya karatasi ikinasa kwenye wino, na katikati ya kicheko anamtazama mwanamke huyu aliyeogopa miaka thelathini na nane na bado kila mwaka akachonga, na anagundua kwamba anampenda kuliko jana, na kwamba jana hakuwa amempenda, alikuwa anamwogopa. Uso, anasema. Jibu ni uso. Mtaani nje anasikia mabomba ya karatasi yakifunguka, ngoma, kengele za baiskeli, akina mama wakiteremka, wote wanakuja na kujipanga mlangoni, hawaulizi kitu tena. Kijana wa kwenye stuli anajiweka sawa. Mwalimu anamkabidhi kisu kikiwa na joto la kiganja chake. Mimi sijui kumchonga huyu, anasema Sikudhani. Hata mimi sikujua, anasema Mwalimu, anza na jicho, jicho likikataa utaona. Anaanza na jicho. Jicho linakubali. Anachonga kinyumenyume, kushoto kwa kulia, anapuliza vumbi, anafika puani, anafika shavuni penye mstari ule, na watu wote mlangoni wanazuia pumzi, na Mwalimu anaziba pua yake kwa vidole viwili, na kisu kinapita.

Feni inazunguka. Sikudhani ana shavu limelalia karatasi, na kidole gumba kinamuuma. Mabango yako palepale, thelathini na nane, anayahesabu mara mbili. Lino iko pajani, imechongwa uso wa kijana, mkubwa, umejaa kipande chote, na makombo yametapakaa kwenye sketi yake mpaka chini. Hakumbuki kuchonga akiwa macho. Hakumbuki pia kwamba hakuchonga. Anatafuta dalili ya mahali alipo, anatazama mlango wa kioo ambao jina la jumba limepakwa kwa nje, na jina linasomeka kinyumenyume, jambo ambalo halimsaidii, maana kutoka ndani ya stoo lazima lisomeke hivyo, au ndivyo anavyodhani. Mlango unafunguka, anaingia Mzee Mkude, na mwanga uko nyuma yake kiasi kwamba hapo mwanzo haonekani sura.

Ameleta habari za kamati, wanataka jibu leo. Anaiona lino. Anaiomba kwa mikono miwili, anaipeleka kwenye kioo cha ukutani, kwa sababu ndivyo watu wa jumba hili wanavyotazama lino kabla ya wino, wanaishikia kioo ili waione ilivyogeuka upande wa sawa. Anasimama hapo kitambo kirefu. Sikudhani anaanza kujitetea, anasema Mzee najua jumba lina desturi yake, watu watauliza mbona safari hii kuna uso, lakini mzee ni kama hamsikii. Mkono wake mmoja umepanda wenyewe na kujishika shavu.

Huyu umempata wapi, anauliza.

Sikudhani anasema hajui.

Mwaka ule wa kwanza, anasema Mzee Mkude, bado ametazama kioo, mimi nilikuwa mlinzi hapa. Felista alinikalisha kwenye stuli siku tatu.

Siku tatu. Hakuna anayekalishwa siku tatu kwa picha isiyo na uso. Ulimi wa Sikudhani uko tayari kumuuliza habari ya chafya, swali moja tu, la maneno machache, na mzee huyu ndiye mtu pekee aliye hai anayeweza kulijibu. Lakini anaipokea lino yake kutoka mkononi mwa mzee, nzito, yenye joto, iliyokwisha, na haulizi, maana anaogopa kwamba akiuliza ataamka.