Kinyumenyume Hadi Mtae

Bibi Mwajuma alisema wazi kwamba haendi kumwona mdogo wake. Anakwenda Mtae kuzuru kaburi la baba yake, na kama Abubakari atakuwa amesimama hapo karibu, hilo ni shauri lake mwenyewe.

"Kaburi lipo miaka yote, mama," mwanawe Nassoro alimwambia. "Si lingesubiri baridi hii ya Julai ipite?"

"Baridi hii inamkohoza mtu," mama yake akajibu, kisha akauma ulimi, maana alikuwa amejifichua.

Hidaya, mke wa Nassoro, alijifanya hakusikia. Habari zilikuwa zimefika kwao Kwai kwamba Abubakari kifua kimembana. Ndugu hawa wawili hawakuwa wamesemeshana tangu hitima ya baba yao, siku Abubakari alipowaambia wageni, sufuria likiwa mbele yao, kwamba maharage ya dada yake hayajaiva. Wakati huo Nasra, binti wa Hidaya, alikuwa hajaanza shule. Sasa naye ana watoto. Kila mmoja aliapa hatakuwa wa kwanza kufungua mdomo.

Wakaondoka asubuhi kwa gari la Nassoro, watu watatu na gunia la viazi, mablanketi juu ya masweta. Ukungu ulikuwa mzito hata ng'ombe wa jirani alisikika tu, hakuonekana. Lukozi walipita salama. Mbele ya Manolo, kwenye mlima wa kwanza wa maana, gari likasimama. Gia ya kwanza ililia kama chuma kinachosagwa, na gia ya pili ikalitikisa gari lote bila kulipandisha. Nassoro alishuka, akalizunguka, akarudi na uso wa mtu aliyepata wazo.

"Rivasi bado ina nguvu," alisema. "Tutapanda kinyumenyume."

"Mpaka wapi, baba Nasra?"

"Mpaka mlima uishe."

Hidaya aliijua barabara ile. Mlima wake hauishi. Hupumzika kidogo, ukaanza tena. Lakini Nassoro alikuwa keshaligeuza gari kwa shida, tairi moja likichungulia korongo, na akaapa kwamba hageuzi tena kabla ya kufika. Basi mkia ukatangulia Mtae, na pua ikabaki inaitazama Lushoto.

Hidaya na mama mkwe walipiga magoti kwenye kiti cha nyuma, wakawa wanafuta kioo kwa khanga na kuelekeza.

"Kushoto," Bibi Mwajuma akasema.

Nassoro akapeleka kushoto kwake, na gari likaenda moja kwa moja kwenye mtaro. Walipolitoa, mama akafuta habari za kushoto na kulia. Kuanzia hapo ilikuwa "mlimani" na "korongoni", na mambo yakanyooka.

Tatizo likawa watu. Walitokea ukunguni na mizigo yao ya kabichi, wakaliona gari limeelekea Lushoto, wakapunga mikono. "Safari njema. Wasalimieni huko." Bibi Mwajuma, mtu wa adabu, akawajibu wote, "Haya, salamu zitafika," huku wakizidi kuiacha Lushoto. Hidaya aliona haya. Ilikuwa kama kupokea rambirambi za msiba usio wako.

Sunga walisimama ili injini ipoe. Mlango wa mbele ukafunguliwa, akaingia mtu mzima mwenye mkoba, shingo yote imefungwa skafu.

"Shikamoo, mama. Asanteni kunisubiri. Naitwa Hezekia. Nimetembea kutoka Mtae tangu alfajiri natafuta gari la Lushoto. Kwaya inanisubiri."

"Mzee," Nassoro akaanza, "sisi hapa tunakwenda..."

Hezekia alikuwa keshalala.

"Mwamshe," Hidaya akamnong'oneza mumewe.

"Mwacheni kwanza apate joto," akasema Bibi Mwajuma. "Ametembea kwenye baridi hii."

Wakamwacha. Kila kona waliyopita, aibu ya kumwamsha ikazidi, mpaka ikawa kubwa kuliko aibu ya kutomwamsha. Mara moja alifumbua macho mwenyewe, akaitazama barabara muda mrefu.

"Leo barabara inatukimbia," alisema. "Kila nikiitazama iko mbali zaidi."

"Ni ukungu," Nassoro akamjibu.

"Mimi nilidhani ni uzee." Akalala tena.

Adhuhuri waliingia Mtae, mkia mbele. Abubakari alikuwa jikoni anaota moto. Alisikia gari, akatoka na blanketi lake. Ukungu ukamwonyesha gari lililo mlangoni kwake, pua imegeukia njia ya kurudi, na kichwa cha dada yake ndani. Akajua moja kwa moja: wamefika, hawakupokewa, wamekasirika, wanaondoka.

Akakimbilia mbele ya gari na kutanua mikono alizuie. Gari likamkimbia kinyumenyume. Akalifuata. Likarudi zaidi, likipanda uani kwake.

"Dada, usiondoke!" Kikohozi kikamkata, akaendelea. "Maharage yaliiva. Mimi nilikuwa na hasira za msiba tu. Yaliiva, dada."

Nassoro alikanyaga breki. Mama yake akamgusa bega.

"Nenda kidogo, mwanangu. Bado anasema."

Hidaya alimtazama mama mkwe. Machozi yalikuwa yakimtiririka, na mdomo umebana kama wa mtu anayezuia kicheko. Gari likasogea mpaka likagota ukuta wa zizi, na hapo pakawa hapana tena pa kwenda. Bibi Mwajuma akashuka, akamfunika mdogo wake kwa blanketi lake mwenyewe juu ya lile alilokuwa nalo.

"Ingia ndani," alisema. "Utakufa na kifua hicho."

Hezekia naye akashuka, akajinyoosha. Akamtazama ng'ombe aliyefungwa ng'ambo ya uzio.

"Lushoto nako kuna ng'ombe kama wangu," alisema.

"Umerudi mapema," mkewe, Raheli, akamwambia kutoka kwenye uzio huo huo. "Kwaya imeimba?"

Jioni Nassoro alimweleza mjomba wake habari ya rivasi, kwa kuwa hakuweza kulala na siri. Abubakari alifikiri, akakohoa, akasema yeye keshasema, na mtu hayarudishi maneno tumboni. Dada yake alikuwa anamchemshia maji ya tangawizi, akajifanya anashughulika na kuni.

Bibi Mwajuma alikataa kuondoka mpaka kifua kile kilainike. Asubuhi Hidaya alikwenda peke yake ukingoni mwa mlima. Ukungu ulipasuka, na chini kabisa akaiona nyika ya Mkomazi inameta juani, mahali ambapo saa hiyo watu walikuwa wanatafuta kivuli. Akajikunyata ndani ya blanketi lake. Alitaka kumwita mumewe aje aone, lakini Nassoro alikuwa chini ya gari, miguu tu nje, anabishana na gia.