Mjane wa Sura ya Mwisho

Insha ya kwanza ilisema mjane alikufa maji. Mwalimu wa fasihi akaizungushia duara jekundu. Ya pili ikasema hivyo hivyo, na ya tatu. Alipofika katikati ya rundo aliitupa kalamu mezani.

Katika riwaya mjane hakufa. Sura nzima ya mwisho anavuka mto na cherehani yake kichwani, wakwe zake wakibaki ng'ambo wakimtukana. Aliyemuua ni mwandishi wa mwongozo, kijitabu chembamba kinachouzwa nje ya geti la shule, ambaye bila shaka alichoka kusoma kabla ya kumaliza. Sasa darasa zima la mwisho lilikuwa likimlilia mtu mzima wa afya.

Insha ya chini kabisa ilikuwa ya kitindamimba wake. "Mafuriko yakamchukua mjane," binti alikuwa ameandika, "na wakwe wakajuta."

"Wewe," alimwambia jioni jikoni, binti akimenya vitunguu. "Riwaya nilikununulia ya nini? Ya kuzuia mlango?"

"Nimeisoma, mama."

"Mpaka wapi?"

"Mpaka mwongozo uliposema inatosha."

Kesho yake idara ilikutana kuchagua vitabu vya mwaka ujao. Mwalimu alikuja na riwaya mpya, nzuri, na uzuri wake mkubwa ni kwamba haikuwa na mwongozo bado. Watoto wangelazimika kuisoma. Aliwaambia hivyo bila kuzunguka.

Mkuu wa idara, waliyemwita Mzee Taratibu akiwa hayupo, alikunja mikono. "Zimwi likujualo, dada yangu, halikuli likakwisha. Ile ya zamani tunaijua."

"Tunaijua?"

"Mimi naifundisha tangu wewe hujaajiriwa."

"Basi nikumbushe. Mjane anaishia wapi?"

Mzee Taratibu akatikisa kichwa kwa huzuni ya kweli. "Anakufa maji, maskini."

"Pale panauma," akaongeza mwalimu wa tamthilia.

Mwalimu aliichukua nakala ya mzee mwenyewe. Kurasa za mwisho zilikuwa bado zimegandana tangu kiwandani. Akazibandua kwa ukucha, akamsogezea. Mzee alisoma midomo ikichezacheza, feni ikigongagonga juu yao. Alipomaliza akavua miwani.

"Hii ni hatari," alisema.

"Ndiyo maana nasema tubadilishe."

"Hatari kwa watoto, dada. Watahini nao wamelelewa na mwongozo huu huu. Mtoto akiandika mjane amevuka, anakatwa alama. Tuendelee tu kumzamisha."

Mwalimu alisubiri acheke. Hakucheka. Ikapigwa kura, na riwaya ya zamani ikapita. Mwalimu wa tamthilia alinyoosha mkono huku akitazama dirishani.

Mwalimu wa fasihi alitoka pale, akaingia darasani bila salamu.

"Sura ya mwisho. Wote. Miongozo chini ya dawati."

Waliisoma kwa zamu, kwa sauti, wakijikwaa, wakiguna. Walipofika pale mjane anapotua cherehani kwenye mchanga mkavu, hakuna aliyeguna tena. Kisha kiranja akanyoosha mkono.

"Mwalimu, kwa hiyo kwenye mtihani anakufa au anavuka?"

Kalamu zote zikasubiri. Mwalimu alimtazama binti yake, aliyekuwa akitaka chuo kuliko alivyotaka kula, na alama moja tu ingeweza kumfungia mlango. Maneno ya Mzee Taratibu yalimpanda hadi ulimini. Akayameza.

"Anavuka. Na mtaje ukurasa."

"Na mtahini akisema amekufa?"

"Akuonyeshe kaburi."

Darasa likaangua kicheko. Binti yake hakucheka. Aliiweka kalamu pembeni, akatafuta penseli kwenye mkoba, na kwa penseli hiyo akaandika: anavuka.