Mlango wa Mama Rayan

Swaleh alipofariki, mkewe Tausi, Mama Rayan, hakuachwa peke yake. Wapangaji wote wa ploti yao, mtaani Landless, Waislamu kwa Wakristo, ilihamia kwake. Wayua, wa mlango wa pili, aliwaogesha watoto wa Tausi na kuwapikia hadi mama yao alipopata nguvu ya kurudi sokoni Thika kuuza mandazi.

Kwa hiyo asubuhi ile ya mvua za El Nino, alipomsikia Kaluki akibisha, hata yeye mwenyewe hakuelewa kwa nini hakumfungulia. Kaluki alikuwa mpangaji mgeni, aliyehama kutoka mtaa wa Kiandutu baada ya maji kuingia chumbani mwake. Hakuwa na mtu ila wanawe wawili, Mwau na mdogo wake mchanga.

"Mama Rayan! Mama Rayan, hodi! Mtoto anachemka. Nishikie Mwau nikimbie hospitali."

Tausi alikuwa amejilaza. Mwili ulimuuma, na kitinda mimba wake ndiyo kwanza amelala. Alinyamaza. Kupitia dirishani akamwona Kaluki akiondoka, mtoto mchanga mgongoni, na Mwau akivutwa kwa mkono kwenye matope, bila viatu.

Haukupita muda, Wayua akaingia na jagi la uji. "Huyu mgeni anapeleka wapi watoto na mvua hii?"

"Hospitali. Alibisha hapa, nikanyamaza."

Wayua hakumgombeza, na hilo ndilo lililomchoma zaidi. Alikaa kitandani, akamfunika vizuri yule aliyelala. "Wako niachie mimi. Chukua mwavuli."

Tausi aliwakuta kwenye foleni hospitalini, Mwau akitetemeka. Akavua leso yake, akamfunika, akampakata.

"Nilidhani umeenda soko," Kaluki alisema.

Ingekuwa rahisi kuitikia kwamba ndivyo.

"Nilikuwa ndani. Nilikusikia. Nisamehe."

Kaluki alimtazama, kisha akamtazama mwanawe. "Sawa. Mshike tu, asilie." Akaitwa, akaingia kwa daktari.

Mtoto alilazwa, akapona. Siku zote hizo Mwau alikula na kulala na watoto wa Tausi. Kaluki alimshukuru kwa heshima. Lakini hata baadaye, akipatwa na shida, aliupita mlango wa Tausi akaenda kubisha kwa Wayua.

Tausi akimsikia akipita, huacha unga ulivyo na kutoka nje.

"Mama Mwau, kuna nini? Nikusaidie?"

Mara nyingi Kaluki husema hapana, asante. Siku nyingine husimama kidogo, akamwambia shida yake.