Mama Ameshika Maua

Kaka yangu ni mtu wa maua. Watoto wengine huwapelekea mama zao sukari, wengine huwapelekea miguu yao wenyewe, wakakaa, wakanywa chai, wakaaga. Yeye hupeleka maua, na hata hayo hapeleki, anatuma. Nyumbani nilimpachika jina la Mheshimiwa. Mama alinikaripia kila nilipolitumia, lakini hakuwahi kuniuliza nimelitoa wapi.

Mheshimiwa ana cheo katika kampuni ya bima, na anaishi upande wa pili wa mji huuhuu tunaokaa sisi. Sisemi nchi nyingine, nasema mji huuhuu. Mtu akitoka kwetu baada ya chai ya asubuhi, anafika kwake kabla jua halijakaza. Ila yeye ana shughuli, na wenye shughuli siku hizi wana duka la kuwapendea mama zao.

Siku ya kuzaliwa ya mama, shada. Siku ya akina mama, shada. Mwaka mpya, shada lenye utepe wa dhahabu. Mama aling'olewa jino, likaja shada la ugua pole lililokizidi ukubwa kichwa kilichong'olewa jino. Siku ya kumkumbuka marehemu baba lilikuja shada lililofungwa puto jekundu, na kadi yake imeandikwa Hongera. Mama aliitazama kadi, akachukua sindano kwenye mto wangu wa sindano, akalitoboa lile puto. Baadaye akasema dukani wamechanganya. Kwa mama, aliyekosea daima alikuwa mtu wa dukani.

Mimi ni fundi cherehani, na kiwanda changu ni sebule yetu. Hatukuwa na chombo cha maua, kwa hiyo waridi zilikaa kwenye jagi la maji ya kunywa, nasi tukanywa kwa kuchota sufuriani. Yungiyungi ndizo nilizozichukia zaidi. Zina unga wa manjano unaodondoka juu ya vitambaa vya watu, na ukishashika hautoki hata ukiuombea dua. Nimewahi kushona upya mkono mzima wa gauni la bibi harusi kwa sababu ya upendo wa Mheshimiwa.

Sasa, duka lile lilikuwa na utaratibu wake. Mtu wa pikipiki akileta maua, haondoki mpaka ampige picha aliyetumiwa, ameyashika, uso unaonekana. Picha inakwenda kwa mtumaji papo hapo, ili ajue kazi imefanyika. Mheshimiwa aliichukua picha hiyo na kuibandika mtandaoni, akaipamba kwa maneno matamu, na watu wasiotujua kwa sura wala kwa jina wakamwaga mioyo myekundu chini yake. Mtoto wa mfano, waliandika. Wazazi wote wangepata kama wewe. Mama mmoja aliandika kwamba anatamani angemzaa yeye. Nikasema moyoni, mchukue, dada yangu, hata leo, nitakufungia na nguo zake.

Mama hakuyajali sana maua. Alisema yana harufu ya wodini. Alichokipenda ni ile picha. Kwa akili yake, mwanawe alikuwa anamtazama kupitia pale, kwamba hana nafasi ya kuja lakini angalau anakaa mahali, anaitoa simu yake, anamwangalia mama yake alivyo. Kwa hiyo pikipiki ikilia nje, nyumba nzima ilisimama. Mama aliingia kuoga. Mimi niliacha kazi za watu nikampigia pasi blauzi. Alivaa hereni ambazo kaka alimnunulia kwa mshahara wake wa kwanza, enzi alipokuwa bado anakuja. Mtu wa pikipiki alisimama mlangoni na kofia yake ngumu kichwani, akivuta pumzi za kero.

"Asione nimechoka," mama alikuwa akisema mbele ya kioo.

Mwaka alioteleza bafuni akavunjika mkono, alisimama ameuinua mkono wenye plasta juu ya maua. Alifanya makusudi. Plasta ilikuwa katikati ya picha, nyeupe kupita waridi zenyewe, hata kipofu angeiona. Mheshimiwa akabandika na kuandika: Mikono iliyonilea. Hakuuliza kitu. Mikono iliyomlea, na mmoja umefungwa hadi kwenye kiwiko. Mama akasema ni mtoto mwenye staha, hataki kuzungumza mambo ya nyumbani mbele za watu, atapiga simu. Hakupiga, si wiki ile wala iliyofuata. Nilimchukia kaka yangu, na silipunguzi neno hilo.

Ndipo ikaja siku ya kuzaliwa ya mama mwaka huu. Mama hakuwepo. Mama mkubwa, dada yake, alikuwa amelazwa, na mama alikwenda kumuuguza. Mimi nami nilikuwa nimetoka kumpelekea mteja suti yake, nikamwacha jirani yetu Mama Pacha aangalie sufuria jikoni. Pikipiki ikaja. Mama Pacha akamweleza yule mtu kwamba mwenyewe hayupo. Mtu wa pikipiki akalalamika kwamba hawezi kurudi bila picha, kwamba bosi wake hataki kusikia hadithi, kwamba kwani ni nini, shika tu. Mama Pacha si mwanamke wa kubembelezwa mara mbili na kamera. Akafuta mikono kwenye kanga, akalikumbatia lile kapu la waridi, akatoa meno yote nje.

Ni lazima niwaeleze watu hawa wawili. Mama yangu ni mrefu, mwembamba, mweusi wa kung'aa, na nywele zake zimekuwa nyeupe kabisa. Mama Pacha ni mfupi, maji ya kunde, ana mwanya, na kiumri ni wa rika langu mimi. Kitambaa cha blauzi yake moja kinatosha kumshonea mama blauzi mbili na mabaki nikatengenezea mfuko. Hakuna mwanga wa kamera unaoweza kuwachanganya hao.

Mama aliporudi na kusikia maua yalikuja, kwanza alinyong'onyea. Halafu, nikimwambia habari ya Mama Pacha na picha yake, nikaona uso wake unachangamka polepole.

"Basi ataona si mimi," akasema. "Atapiga simu kuuliza niko wapi."

Akaichaji simu yake, ile ndogo ya vitufe, akaiweka mezani kando ya cherehani yangu. Tangu hapo ilikuwa haimtoki. Alikwenda nayo jikoni, akaenda nayo bafuni ameiviringisha kwenye mfuko wa nailoni. Hakutaka zawadi, hakutaka gari limpeleke popote. Alitaka mwanawe ashtuke kidogo tu kwamba mama yake hayumo kwenye picha.

Na mimi wakati huo nilikuwa nimeshaingia mtandaoni na kuona. Picha ilibandikwa siku ileile. Mama Pacha, mwanya wote nje, na juu yake maneno ya Mheshimiwa: Mama yangu. Sura hii ndiyo ya kwanza niliyoiona duniani. Haijabadilika hata kidogo. Nakupenda, malkia wangu. Chini yake mioyo imemwagika, na watu wanathibitisha kwamba wanafanana sana, hasa pua.

Sikumwambia mama. Nilikaa na lile jambo kifuani nikishona pindo za watu vibaya. Siku moja akaniuliza kama mtandao wa simu umeharibika eneo letu, maana haiwezekani. Akaniomba nimpigie, tujaribu. Nikaipiga namba yake nikiwa palepale kwenye cherehani. Simu ikaita. Mama akaipokea, akasema haloo, tukatazamana.

"Nzima," nikamwambia kwenye simu.

"Eeh, nzima," akajibu, akaikata.

Aliyeyafumua yote ni Mama Pacha mwenyewe, bila ubaya wowote. Alikuja jioni na simu yake mkononi anacheka mpaka anashika ukuta, kwamba mtoto wa dada yake kamwonyesha, kwamba leo kapata mtoto mkubwa mwenye cheo bila uchungu wa kuzaa. Nilimkonyeza, nikamkanyaga, haikusaidia kitu. Mama akavaa miwani, akaomba asomewe yale maneno. Mama Pacha akaanza kusoma kwa madaha, na kadiri alivyosoma ndivyo sauti ilivyomshuka. Alipofika kwenye maneno, sura hii ndiyo ya kwanza niliyoiona duniani, alikuwa ananong'ona. Mama akamshukuru, akamrudishia simu yake, akaenda kukagua kama mlango wa nyuma umefungwa.

Usiku ule hakula. Simu ya vitufe iliachwa juu ya kabati, na haikuchajiwa tena.

Mwezi uliofuata ilikuwa siku ya kuzaliwa ya Mheshimiwa. Mama akaniambia nivae, twende dukani. Lilikuwa duka la vioo, baridi ndani utadhani wanauza samaki. Binti wa kaunta alituonyesha mashada kwa majina yake, Tabasamu la Asubuhi, Pendo la Milele, na upuuzi mwingine wa namna hiyo. Mama akachagua kapu lilelile la waridi alilozoea kutumiwa. Binti akauliza kadi iandikwe nini. Mama akasema isiandikwe kitu. Akasisitiza jambo moja tu, picha isisahaulike, na itumwe kwenye simu yangu.

Maua yalipelekwa ofisini kwake. Kabla ya mchana picha ikaingia. Alikuwa askari wa getini, mtu mzima, sare imembana tumboni, rungu kwapani, amelishika kapu kwa mikono miwili na anatabasamu kwa dhati kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwona kwenye picha za duka lile. Nikampa mama simu. Akaitazama sana.

"Amenenepa," akasema.

Nilicheka mpaka nikautoa mguu kwenye kanyagio la cherehani. Yeye hakucheka. Akaniambia nimtumie kaka yangu picha ile, na akanitajia neno kwa neno cha kuandika: Mwanangu. Sura hii niliibeba tumboni mwangu. Haijabadilika hata kidogo. Nakupenda.

Nikatuma. Sindano niliyokuwa nataka kuitunga uzi bado ilikuwa mkononi simu yangu ilipoita. Mheshimiwa, aliyekosa nafasi ya kuuliza habari ya mkono uliovunjika, alikuwa ameipata nafasi. Mama akaipokea, nikamwekea sauti ya juu kwa ajili ya masikio yake. Upande wa pili kaka alikuwa anacheka. Alisema wale watu wa maua ni wazembe sana, kwamba yeye alikuwa kikaoni.

"Mama, huyo siyo mimi," akasema. "Huyo ni askari wa getini."

"Umejuaje?" mama akauliza.

"Nimejuaje nini?"

"Kwamba siyo wewe."

Akacheka tena, safari hii kidogo. Akasema, lakini mama, si nimeiona picha.

"Kumbe huwa unazitazama," mama akasema. "Basi katazame na ile yangu ya mwisho."

Kulikuwa na mlio wa feni, na mtu akiongea mbali kwenye chumba kingine. Tulijua anaitafuta. Tulijua pia alipoiona, maana pumzi ilimkatika. Akasema, mama, kwa sauti ileile ya utotoni alipokuwa amevunja kitu na bado kipande anacho mkononi. Kwa muda ule nilimhurumia, na hadi leo huruma hiyo inaniudhi. Aliomba msamaha mara nyingi, akaapa Jumapili anakuja, atashinda kwetu kutwa. Mama akamwambia, sawa mwanangu, karibu.

Jumapili mama alioga mapema. Nilipiga pasi ile blauzi, nikafunika cherehani, nikavitoa vitambaa vyote sebuleni ili mtu mwenye cheo apate pa kuweka miguu. Mama alivaa hereni zake, akakaa kwenye kiti kinachotazama mlango. Chai ilipoa, nikaipasha, ikapoa tena. Kisha nje tukasikia pikipiki.

Kapu lilikuwa kubwa hata halikupita mlangoni likiwa wima. Waridi, yungiyungi, na majani ambayo siyajui kwa jina, vyote vimefungwa utepe mpana. Mama akaichukua kadi peke yake, akavaa miwani, akaisoma, akanipa. Nisamehe mama, kimetokea kikao. Mtu wa pikipiki alikuwa ameshainua simu yake.

"Shika basi, mama," akasema. "Tabasamu kidogo."

Mama alimtazama, akarudi ndani, akafunga mlango taratibu na kusukuma komeo. Yule mtu akagonga. Akaeleza tena sheria zao, kwamba hawezi kuondoka bila picha, kwamba mtumaji ataisubiri. Mama alikuwa amesimama nyuma ya mlango anavua hereni, moja, halafu nyingine.

"Upige picha huo mlango," akamwambia. "Mtumie. Mwambie huyo ndiye mama yake."

Tulisikia simu ikipiga picha, kisha pikipiki ikaondoka. Maua yakabaki nje, na Mama Pacha akaja kuyachukua baada ya kuniuliza kama kuna ubaya. Jioni niliingia mtandaoni kutazama kama kuna jipya. Hiyo hakuibandika.