Kofi Lililowahi

Fundi saa hakuwa na televisheni, hakuwa na meno mawili ya mbele, hakuwa na mke, mwaka wa sita sasa, wala hakuwa na karatasi ya kuonyesha kwamba wimbo uliofungua tamthilia ya jioni aliutunga yeye. Televisheni alikuwa nayo shemeji yake, kaka wa marehemu mkewe, aliyekuwa katibu wa kwaya na mtunza kanda ya pekee ya wimbo huo. Kwa hiyo kila jioni fundi alikwenda kukaa kwake, kwenye kochi jipya ambalo halijavuliwa nailoni.

Tamthilia ilihusu mawakili wanaoibiana wake, lakini ilifunguliwa kwa wimbo huo wa kumsifu Mungu, ulioimbwa na kwaya. Kwenye ubeti wa pili mtu mmoja alipiga kofi kabla ya wenzake. Huyo alikuwa mke wa fundi. Siku ya kurekodi aliwahi, na kwaya haikupewa nafasi ya kurudia.

Kila kofi lilipolia, marehemu aliingia kutoka jikoni na joho lake la kwaya. Watoto wa shemeji walimsogezea stuli. Alimwuliza mumewe kama anakula vizuri, na matangazo yalipoanza akaondoka. Kaka yake hakusalimiwa naye hata siku moja.

"Mbona dada yako hakusemeshi?" fundi aliuliza.

"Wafu nao wana gubu, shemeji. Kunywa chai."

"Na ile kanda?"

"Ililiwa na panya."

"Panya wa siku hizi wanaijua njia ya kituo cha televisheni."

Shemeji aliongeza sauti, ingawa lilikuwa tangazo la sabuni.

Fundi alikiandikia kituo kudai wimbo wake, na ushahidi alioutoa ni lile kofi. Jibu halikuchelewa. Wimbo una mmiliki aliyesajiliwa. Hata hivyo, kituo kinamshukuru kwa kukionyesha kasoro hiyo. Itaondolewa Jumatatu, mmiliki asipopinga.

Alimpelekea shemeji barua. Shemeji aliisoma mara mbili.

"Nitapinga," alisema. "Wewe andika kwanza kwamba wimbo ni wangu."

Jioni hiyo fundi aliandikia palepale kwenye kochi. Marehemu alichungulia begani kwake.

"Mwandiko wako haujazeeka," alisema, akaenda zake.

Barua ilikuwa na mistari miwili: wimbo ni wa shemeji yangu, kofi msiliguse. Shemeji alitia sahihi. Fundi alilamba gundi, akaibana bahasha kwa kidole gumba kama abanavyo kioo cha saa, akaenda kuitumbukiza kwenye sanduku la posta.