Springi za Gari la Mkuu wa Barabara

Springi za gari la mwalimu zilikufa siku ya Jumanne, na za modeli yake hazipatikani tena madukani. Fundi, mwanamke asiyependa kumwambia mteja aje kesho, akamfungia nne za modeli kubwa zaidi, alizozing'oa, pamoja na vipuri vingine, kwenye gari la zamani la mkuu wa idara ya barabara kabla mabaki hayajapelekwa kuyeyushwa. Zilikuwa ndefu, kwa hiyo alikata mzunguko mmoja kwa kila springi. Vipande hakutupa. Fundi huyo hatupi kitu.

Wakatoka kulijaribu gari. Penye kivuko cha sokoni, juu ya lami laini kama meza, gari liliruka kama limepanda kitu: magurudumu ya mbele, kisha ya nyuma, likatulia.

"Umesikia, Mwalimu?"

"Nimesikia. Hebu rudia."

Walirudia mara nne. Liliruka palepale. Springi zilikuwa zinakumbuka. Hapo ndipo dada yake fundi, mshonaji, aligongwa akafa miaka sita iliyopita, na gari halikusimama. Fundi aliegesha pembeni, akalia, akafuta uso kwa kitambaa chenye grisi, akaenda polisi.

Afande alipanda kiti cha nyuma, akaruka nao huku ameshika kofia.

"Kweli, ni gari lile," alisema. "Lakini fundi, jalada linataka gari zima. Springi tu, tena umezikata na kuzifunga kwenye modeli nyingine, mimi nitaandika nini?"

Habari zikamfikia mkuu wa barabara, naye akatuma watu wawili na pimamaji. Waliandika kwamba lami iko sawa, na kweli iko sawa.

"Haya," alisema fundi, kwa sauti ya mtu ambaye hajakubali hata kidogo.

Tangu hapo, kila gari kuukuu linaloingia gereji yake hutoka na kitu cha gari lile: kipande cha springi, bushi, shokomzoba iliyotobolewa upya ikae kwenye modeli isiyo yake. Wenye magari huulizwa kwanza. Hakuna aliyekataa. Sasa yamefika kumi na manne. Yakikaribia kivuko, abiria hukumbatia trei za mayai, gari linaruka mara mbili, na maongezi yanaendelea.

Mkuu wa barabara hupita hapo kila asubuhi katika gari lake jipya, kikombe mkononi. Chai yake haimwagiki.