Benchi la Wasiotazama

Kila asubuhi kabla ya kengele nilijifungia stoo ya vitabu, nikaegemeza simu kwenye boksi la chaki na kurekodi somo la kesho. Wanafunzi walilitazama nyumbani. Darasani tulifanya maswali tu. Asiyetazama alikaa benchi la nyuma. Siku hiyo nilikuwa narekodi sehemu ya pili ya robo na asilimia, mlango ukagongwa.

Aliingia mama mmoja, tepu ya kupimia nguo ikining'inia shingoni.

"Samahani, mwalimu. Mimi mama yake yule wa benchi la nyuma."

"Shikamoo, mama."

Binti yake alikuwa na wiki tatu kwenye benchi lile. Mchana nilitakiwa kupeleka orodha ya watakaohamishiwa darasa la wanaojikongoja, na jina lake lilikuwa la kwanza. Nilipoliandika sikuhisi kitu. Siku hizo nilikuwa sihisi mengi. Wenzake walikuwa wakisonga. Asiyeelewa alirudia video hata mara sita, na mkuu wa shule alinisifu mbele ya walimu wote.

"Simu ya nyumbani ni moja, nashinda nayo kazini," alisema. "Nikirudi, chaji imekata."

"Kwa hiyo hatazami."

"Natazama mimi. Nakusikiliza nikishona, jioni namweleza. Robo nilimkunjia kitambaa, akashika. Ila asilimia ulikimbia kama unafukuzwa. Nikamjazia uongo tu."

Nilitazama tepu yake.

"Simu unaichekea vizuri, mwanangu," akaongeza taratibu. "Binti anasema darasani hata humtazami mtu."

"Ndio ufundishaji wa kisasa, mama."

"Haya." Akaaga, akaenda zake cherehani.

Kengele ikalia. Niliikunja orodha, nikaitia mfukoni, nikaingia darasani na chaki mkononi. Watoto arobaini na wawili. Nikaandika robo ubaoni.

"Mwalimu, leo bando limekata?" mmoja akauliza. Wakacheka.

"Leo nafundisha mwenyewe." Nikamwita binti wa fundi. "Njoo ukae mbele."

"Lakini sijatazama, mwalimu."

"Najua. Si kosa lako." Nikawatazama, mmoja baada ya mwingine. "Zile video nilizianzisha kwa sababu nawaogopa mkinitazama."